Jua la Saa Mbili Usiku

Mikumi,
Jumatano jioni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama, na Baba umfikishie shikamoo yangu. Nasikia huko Lumuma mvua imepiga sana wiki hii, nami nimewaza vitunguu vya bondeni na kile kikohozi chako. Je, kimepungua, au bado unalala umekaa? Mimi sijambo, ninakula vizuri, na mitihani ya katikati ya muhula tumemaliza jana.

Mama, kabla ya yote nakuomba usije Ijumaa. Dereva wa fuso ya vitunguu alinifikishia ujumbe wako kwamba nifungashe, unanifuata. Najua umeamua hivyo kwa sababu ya barua yangu ya wiki iliyopita, niliyoandika kwamba Mama mdogo Debora na mumewe wanatudanganya, hawako Ulaya, na hawarudi tena. Nakuomba unisikilize upya.

Unajua walivyoondoka. Wale wazee wawili wageni, ambao Baba mdogo amewaendesha mbugani karibu kila mwaka, waliwaalika kwao watembee nao mwezi mzima, wakawanunulia na makoti ya baridi. Mama mdogo akamleta mama mkwe wake kutoka Ruhembe aje akae nami, ili niendelee na shule. Bibi alikuja, ila safari yenyewe hakuwahi kuiamini. Siku ya kwanza tu, tukichambua mchicha, aliniuliza, "Mtu akualike kwake, akulishe, akulaze, akutembeze miji yote, yeye anapata nini?"

"Ni marafiki wa Baba mdogo, Bibi."

"Rafiki hakununulii koti."

Picha zilikuwa zikija kwenye simu ya zamani aliyotuachia Mama mdogo. Tukimaliza kuosha vyombo, Bibi huitoa kwenye pindo la kanga tukatazama pamoja. Berlini, Praha, Amsterdam. Kote Mama mdogo amevaa koti lile lile la kijivu, anatabasamu amefunga mdomo, na wewe unajua dada yako hatabasamu hivyo. Baba mdogo haonekani hata kwenye moja. Mama mdogo aliandika kwamba huko ni majira ya kuchipua, miti inatoa maua.

Bibi akaisogeza simu karibu na jicho. "Maua gani ya kutazamwa umevaa koti? Hizi ni za studio. Hata mimi nilipigwa picha Kilosa mjini nimesimama mbele ya ndege, na sijaipanda mpaka leo."

Nilicheka. Lakini kisha akapita dereva mmoja anayefanya kazi na Baba mdogo, akatuambia lile gari lake la kazi amepewa mtu mwingine. Hakujua kama ni kwa muda au moja kwa moja. Bibi aliacha kula. Akasema palizi ya miwa yake inamsubiri Ruhembe. Mwezi ukiisha hawajafika, anafunga nyumba hii, nami narudi kwako. Mama, niko kidato cha tatu. Nikihama sasa, sijui nitapata nafasi wapi kabla ya mtihani wa mwakani. Kuanzia siku hiyo nilianza kuzitazama zile picha kwa jicho la Bibi.

Ndipo ikaja picha ya saa. Nyuma ya Mama mdogo kuna mnara wenye saa kubwa, na mishale inaonyesha saa mbili kamili. Chini yake ameandika, "Saa mbili usiku, tumetoka kula." Lakini jua linawaka juu ya mapaa, na kivuli chake kimelala barabarani.

"Usiku gani huo una jua?" Bibi akauliza.

Hapa saa moja tumeshawasha taa. Niliona uongo umeandikwa mbele ya macho yangu, nikakuandikia siku ile ile.

Jumatatu nilimwuliza mwalimu wa Jiografia, bila kutaja mtu, kama kuna mahali jua hukaa mpaka saa mbili usiku. Akaniambia nikalete daftari la mwaka jana. Ilikuwa humo, kwa mwandiko wangu, nimepiga na mstari kwa rula: katika nchi zilizo mbali na ikweta, mchana hurefuka majira ya kuchipua, jua likachelewa kuzama. Nilipata vema kwa jibu hilo.

"Uliandika ili nikupe vema," mwalimu akasema, "au kwa sababu uliamini?"

Wenzangu walicheka. Nilikaa chini na aibu yangu.

Nyumbani nilimweleza Bibi kwa tochi na chungwa, nikalizungusha polepole. Alinisikiliza mpaka mwisho, akalichukua lile chungwa, akalimenya. "Chungwa halijafika Ulaya," akasema, akanipa nusu.

Jana Mama mdogo akapiga simu. Ilikuwa saa moja imepita dakika chache, giza limeshaingia, ninasonga ugali. Akasema wameondoka Ulaya, wamevuka kutoka Hispania hadi Moroko pamoja na wale wazee, wiki moja imeongezwa, watafika Jumapili.

"Imeongezwa na nani?" Bibi akauliza.

"Ni wenyeji wetu, Mama. Wamebadilisha tiketi."

"Mpe mwanangu simu."

"Ametoka kidogo, Mama. Yuko sokoni."

Bibi alinitazama. Wakati huo huo, ndani ya simu, ikasikika adhana, ndefu na karibu kabisa. Bibi akaifunika simu kwa kiganja. "Unasikia? Wako Morogoro hao."

Nami nilitaka kukubali, Mama. Lakini msikiti wa hapa jirani uliadhini magharibi nilipokuwa nawasha jiko, na ya isha ilikuwa bado. Morogoro na sisi jua letu ni moja. Dakika ile hapakuwa na adhana ya kuadhiniwa huku kwetu. Nikaomba simu nikamwuliza Mama mdogo hiyo ni adhana gani.

"Ya alasiri, mwanangu. Huku jua bado kali."

Nilimweleza Bibi. Alitazama giza la uani, akaitazama simu, akasema taratibu, "Alasiri." Kisha akala ugali wake.

Kwa hiyo wako mbali kweli, hilo sina shaka nalo. Kwamba wanarudi, bado sijui. Sauti ya Baba mdogo sijaisikia, na la gari hakuna aliyetueleza. Ninalokuomba ni siku hizi chache. Wasipofika Jumapili, Jumatatu asubuhi nitapanda basi la Kilosa mwenyewe, hutapata shida ya kunifuata. Begi nimelifunga kama ulivyoagiza. Vitabu nimeviweka juu kabisa, ili nikibaki viwe vya kwanza kutoka. Na ile barua ya kwanza, tafadhali ichome jikoni. Sitaki Mama mdogo aje aisome.

Mwambie mdogo wangu Eliza asilitumie sanduku langu la rula. Msalimie Babu na umwambie dawa ya miguu nimeshaiulizia, nisalimie shangazi mshonaji, na katekista aliyenifundisha kusoma mpe shikamoo yangu. Barua hii naikabidhi kwa dereva yule yule wa vitunguu, nadhani itakufikia kesho kabla hujaanza safari.

Mimi mwanao anayekungoja unijibu,
Yudith

N.B. Nilipotoka shule leo nimekuta Bibi amefua mashuka ya chumbani kwa Mama mdogo, yote, pamoja na pazia. Nilipomwuliza akasema yalikuwa na vumbi tu.