Kutu Waliyosingiziwa Ndege

Bahi, Juni

Kaka Stanley, shikamoo.

Huku tunaendelea. Mama anakusalimu, na yule mbuzi mweusi amezaa mapacha. Mtama wetu umeharibika wote.

Ndege kweleakwelea walivamia shamba, nami niliwafukuza kwa makopo na kombeo hadi sauti ikanikauka. Shemeji yako Elieza alipokata masuke akakuta punje nyepesi kama pumba, alisema nililala nikawaachia ndege. Alinipiga kwa mpini wa jembe mbele ya watoto. Mkono wangu wa kushoto ulivunjika. Niliokota jiwe nikampasua paji la uso. Majirani ndio waliotuachanisha.

Kesho yake bibi shamba alikuja. Alifikicha jani, vidole vikajaa unga mwekundu.

"Ndege angekula punje, mngekuta suke tupu," alimwambia Elieza. "Hapa punje zipo, ila hazikujaa. Hii ni kutu, ugonjwa wa mimea. Imenyonya majani tangu mtama ukiwa mdogo, na kutu haifukuzwi kwa kombeo."

Elieza alikaa chini, kichwani kitambaa chenye damu.

"Kumbe hukulala," akaniambia.

Nikamwuliza, "Na wangekuwa ndege kweli, ungekuwa umenivunja kwa haki?"

Nilichukua watoto, sasa nipo kwa mama. Elieza amemtuma mchungaji anibembeleze nirudi, nimekataa.

Usije na panga, kaka. Njoo unisaidie kuezua mabati ya kile chumba nilichojijengea kwa Elieza, niyaezeke hapa kwa mama kabla ya mvua.

Mdogo wako,
Loisi