Ng'ombe Wanne wa Asajile

Tunduma, 9 Machi 1952

Kwa mume wangu mdogo Lusubilo,

Umeamkaje huko majini Unguja? Huku tumeamka, mvua inatunyeshea, magoti yangu yanalia kama mlango, na mwanao Leah amekula ugali asubuhi akaomba tena. Basi ujue hakuna mgonjwa. Na wewe unakula? Nakuuliza hilo kwanza kwa sababu tangu utoto wako ukiwa na shida unasema umeshiba.

Anayeandika ni Osea, mwalimu wetu wa kanisani. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemwambia asipunguze neno hata nikimsema yeye.

Barua yako ilisomwa. Kumbe ule udereva wa jeshini umekufaa! Umepata lori la tajiri wa karafuu, shilingi mia na hamsini kwa mwezi. Nikamwambia Osea arudie. Akarudia. Nikapiga vigelegele mpaka kuku wakakimbilia barabarani.

Sasa sikiliza nilichofanya. Unajua tulivyo na mkwe wako Asajile. Ulimwoa binti yake Enesi kwa ng'ombe sita, ukatoa wawili, ukasema wanne watafuata. Enesi akafa akimzaa Leah kabla hujaleta hata mkia. Na kwetu mtoto ambaye ng'ombe wa mama yake hawajaisha ni wa kwao mama. Asajile amevumilia miaka minne. Kila akishuka kutoka Ibaba kuuza maharage anapita hapa, anamtazama Leah akicheza, anakunywa maji, anakwenda zake. Kule kutazama kwake kunaninyima usingizi.

Basi Jumapili alikuwa kanisani kwetu. Tulipotoka nikasimama mbele ya watu wote. "Mkwe," nikamwambia, "mjukuu wangu sasa ni dereva. Mia na hamsini kwa mwezi! Ng'ombe mnadani Kamsamba ni shilingi sabini na tano. Kila mwezi ng'ombe wawili. Mahindi yakiingia ghalani, wanne wako watakuwa zizini kwako na mimi nitacheza ngoma mlangoni."

Watu wakacheka. Asajile naye akacheka, ndiyo mara ya kwanza namwona meno tangu msiba. "Nimesikia, mama. Mahindi yakiingia ghalani." Tukashikana mikono.

Sikubahatisha. Madereva nawajua, wanapita hapa kila siku kwenda Rhodesia. Wanashuka, wananisalimu kwa Kibemba, "Mulishani, mayo!" wanaagiza kuku mzima, mifupa wanaitupa ina nyama. Osea anasema amewahi kumwona mmoja akiosha mikono kwa soda.

Leah anasema uje na gari lako.

Mkeo mzee, Bibi Ferista


Unguja, 20 Aprili 1952

Bibi yangu, mke wangu wa kwanza,

Shikamoo. Nimeamka, nina nguvu, nakula kidogo lakini nakula. Mpakate Leah badala yangu, umwambie gari ni la mtu, haliwezi kupita majini.

Barua yako niliisomea ndani ya lori. Niliposoma uliyomwambia baba mkwe kanisani niliweka kichwa kwenye usukani, utingo wangu akadhani nimepata habari ya kifo.

Bibi, mia na hamsini ni ya kutajwa tu. Mkononi haifiki. Tajiri anazuia thelathini kila mwezi, anaziita za tairi. Nitapewa msimu wa karafuu ukiisha, kama sikuharibu kitu na kama sikuacha kazi. Chumba cha Ng'ambo ishirini na tano. Utingo analishwa na dereva, ndivyo walivyozoea hapa. Muhogo nanunua. Kuni nanunua. Mchicha ambao wewe unaukanyaga uani ukienda kuchota maji, mimi nanunua. Askari akiona magunia yamezidi, faini ni yangu, ingawa aliyesema yapakiwe ni tajiri. Na masika haya gari linalala, na likilala napewa nusu. Mwezi uliopita nilibaki na ishirini na nane, nikakutumia ishirini na tano.

Wale wa Tunduma unaowaona wanakula kuku, hawali mshahara, wanakula barabara. Mtu anatoka Mbeya anakwenda mpaka Broken Hill huko Rhodesia, siku ngapi tajiri wake hamwoni! Anapakia abiria juu ya mizigo, anapakia samaki wa watu, kila kituo mfuko unajaa. Huku nchi yenyewe ni fupi. Natoka mjini asubuhi, jua halijasimama nimefika Mkokotoni, mbele yangu bahari. Nageuza. Nikimbeba mama mmoja tu na kikapu chake, tajiri anajua kabla sijazima injini, maana yule mama ni shemeji yake, na kama si shemeji yake ni jirani ya shemeji yake.

Nakuomba uende Ibaba. Umwambie baba mkwe taratibu, asione kama namkimbia. Ng'ombe wake nitawatoa, ila mmoja mmoja. Mwanangu nisimpoteze kwa mshahara ambao sijawahi kuushika.

Mjukuu wako, Lusubilo


Tunduma, 1 Juni 1952

Lusubilo, mume wangu,

Hujambo? Baridi imeingia, Leah anakohoa usiku lakini mchana anakimbia. Mimi miguu imevimba kwa sababu nimekwenda Ibaba na kurudi.

Walikuwa wanapura maharage, Asajile na ndugu zake. Nikapewa kigoda. Nikasema, "Mkwe, nilisema vibaya kanisani. Ile mia na hamsini haifiki mkononi."

"Inaishia wapi, mama?"

"Kwenye tairi."

Akawatazama wenzake. "Siku hizi tairi zinakula ng'ombe?"

Wakacheka sana. Nikasema na utingo naye anakula.

"Mama, malori nimepanda mimi. Utingo anakula ndizi za abiria."

"Huko hakuna abiria."

"Nchi gani haina abiria?"

"Nchi fupi," nikamwambia.

Hapo hata mke wake Nesta alicheka. Asajile hakucheka tena. Akaweka fimbo chini. "Alipokuwa hana kitu nilimngoja. Niliwahi kutuma mtu kwako?"

"Hukutuma."

"Nilisema, kijana ana msiba kama mimi. Ningemngoja hata miaka mingine minne. Lakini mtu anayepata mia na hamsini, halafu anamtuma bibi yake na vilema vya miguu aje kunihadithia tairi, huyo amenidharau. Ameoa Unguja. Mwambie nimejua."

Nikamwambia, "Asajile, una akili ya kifaranga." Osea hapa kalamu imesimama. Nimemwambia aandike, nililisema.

Nataka ujue jambo moja. Nesta alipokuwa akinisindikiza, aliniingiza nyumbani akanionyesha kigauni cha Enesi cha utotoni. Amekifua, amekitundika. Enesi alikuwa mtoto wao mmoja tu, wajua. Akaniuliza, "Kitamtosha?" Nilitaka kumchukia mwanamke yule njia nzima nikirudi, sikuweza, na hilo limeniumiza kuliko miguu.

Nimewapelekea ng'ombe wangu mwekundu. Usinigombeze, ni wangu, nilimfuga mwenyewe. Asajile amempokea, lakini neno lake halijabadilika. Wamebaki watatu, na mahindi yanakauka.

Kula, we mtoto.

Bibi yako, Ferista


Unguja, 10 Agosti 1952

Bibi yangu,

Shikamoo. Kikohozi cha Leah kimekwisha? Mpe maji ya moto na asali ikipatikana.

Karafuu zimeanza. Lori halipoi. Napewa cha juu kwa kila safari inayozidi, kwa hiyo sikatai safari. Magunia haya yananukia, Bibi, mpaka uji wangu unanuka karafuu, mpaka mate. Chumba nimekiacha. Nalala garini, miguu nimeipitisha dirishani, utingo ananicheka eti nafanana na mbuzi anayepelekwa mnadani. Ndivyo nilivyopata kubaki na themanini. Nimekutumia zote kwa hawala ya posta. Nunua ng'ombe Kamsamba, mpeleke Ibaba haraka.

Watakuwa wamebaki wawili. Na hao wawili ninao, Bibi, tayari! Wamo ndani ya zile za tairi. Tajiri ameshazuia mia na hamsini zangu. Nikiondoka leo nije kusimama mbele ya baba mkwe, nazipoteza zote. Nikikaa mpaka msimu uishe, nazishika mkononi na nakuja nazo mwenyewe. Mwambie Krismasi. Msomee barua hii, aone ni mkono wangu. Mwambie sina mwanamke. Mwambie nikilala namwota Enesi ananiuliza mtoto yuko wapi.

Mjukuu wako, Lusubilo


Unguja, 5 Oktoba 1952

Bibi,

Shikamoo. Hujambo kweli? Mwezi wa nane sikupata neno, wa tisa sikupata. Nimekwenda posta mpaka karani ananiita kwa jina. Kama u mgonjwa, Osea aandike tu yeye mwenyewe. Ng'ombe alifika? Baba mkwe alisema nini kuhusu Krismasi?

Nimemnunulia Leah viatu. Sijui mguu wake umefika wapi, nimekisia.

Lusubilo


Tunduma, 19 Oktoba 1952

Mume wangu Lusubilo,

Sijafa, na siumwi. Osea alikuja mara nyingi na karatasi yake nikamrudisha. Sikuwa na mdomo. Leo nimesema na aandike, akilia afute mwenyewe.

Ng'ombe nilimnunua, mweupe wa madoa. Nilimswaga mwenyewe mpaka Ibaba, na barua yako nimeifunga kwenye pindo la kanga. Kijana wa misheni wa huko akaisoma mbele ya Asajile na ndugu zake. Akaisoma vizuri, sina lawama naye. Ilipofika kwenye tairi, Asajile akainua mkono.

"Tairi tena?"

"Msikilize mpaka mwisho," nikasema.

Akasikiliza mpaka kwa Enesi. Akafuta uso. Nikadhani tumepona. Akasema tu, "Asante, mama. Kalale."

Baada ya wiki mbili alikuja hapa na ndugu zake. Walikuwa wanaswaga ng'ombe wanne. Mwekundu wangu, mweupe wa madoa, na wawili wale wa kwanza uliomwolea Enesi. Wote, Lusubilo. Nilipowaona wote nikajua, nikakaa chini mavumbini na nguo yangu safi. Unajua maana yake. Ng'ombe wote wakirudi, ndoa haikuwepo. Enesi hakuwahi kuwa mke wa mtu, na wewe huna cha kumalizia. Hata ungeleta ishirini hakuna wa kuwapokea.

"Krismasi utaniambia Pasaka," alisema. "Mimi ni mzee. Nesta hali chakula. Siwezi kungoja nchi fupi irefuke."

Nilimtukana. Nilimwita kila jina ninalolijua kwa Kiswahili na kwa lugha yetu, na mengine nimeyasikia kwa madereva. Yeye akamwinamia Leah, akampa mgongo. Angejibu ningempiga. Leah akafurahi kubebwa mgongoni na babu yake, alidhani wanakwenda kutembea. Akaniambia, "Bibi, nitakuletea maharage."

Nikalala siku mbili sikuwasha moto. Siku ya tatu nikachukua fimbo, nikawaswaga wale wanne kurudi Ibaba peke yangu. Nilisema nitawaingiza zizini kwake kwa nguvu, nifunge, nikimbie na mtoto. Kikongwe nikimbie, wapi? Lakini ndivyo nilivyosema. Nikakuta amefunga zizi kwa miti. Ng'ombe wakasimama wakala majani ya uani kwake, mimi nimesimama nao.

Leah akatoka nje. Amevaa kigauni kile. Kinamtosha, Lusubilo. Nesta alikuwa nyuma yake mlangoni, akamgusa bega. Mtoto akaja mpaka karibu, akapiga magoti, akapiga makofi taratibu, kichwa chini, kama tunavyowafundisha watoto wamsalimu mgeni. Huyu aliyekuwa ananipanda mgongoni nikiwa nasonga ugali!

Nikaitikia. Mtoto amesalimu, ningefanyaje? Kisha akaja kweli, akanishika mguu, akaniuliza kwa sauti ndogo kama nimekuja kumchukua au kutembea tu. Nesta alikuwa anatazama chini. Nikasema, "Kutembea tu."

Walinipa maharage, nikayapokea.

Ng'ombe nimerudi nao. Wako hapa nyumbani, majani yapo, na mmoja wa wale wa kwanza ana mimba, atazaa mwezi ujao. Majirani wananiuliza ni wa nani, naingia ndani.

Hela usinitumie tena. Kodi chumba, ulale umenyoosha miguu. Tajiri akikupa zile za tairi Krismasi, ni zako zote sasa, hakuna anayezidai. Hasira zako nitumie mimi, usiziendeshee gari. Viatu vilete, nitavipeleka Ibaba mwenyewe. Watanipokea kama mgeni, na mgeni hafukuzwi.

Wale ng'ombe sijui niwafanye nini. Niandikie.

Bibi yako