Goti la Nyiramahoro na Karatasi Inayokunjika

Baraka, Fizi
Tarehe 11 Agosti 2002

Mpendwa dada Félicité, mutoto wa mjomba,

Amani ya Bwana ikufikie huko Liège kabla ya neno lingine. Uko muzima? Kile kifua kilichokusumbua mwaka jana kimepona? Sisi tungali wazima. Mama yangu, shangazi yako Pulchérie, anakohoa kidogo sababu ya vumbi la kiangazi, lakini juzi alirudi toka shambani na furushi la muhogo kichwani, basi sina la kulalamika.

Barua yako ilipitia Kigoma, ikanifikia mwezi wa tano ikiwa na miezi mitatu. Nimeisoma mara nne. Kumbe munatengeneza karatasi nyembamba ya kupokea miale ya radio, ile tunayopigia picha za mifupa, bila filamu! Munaipaka semi-conducteur mpya, kitu kisichopitisha umeme kama shaba wala kuuzuia kama mpira, nayo inakunjika kama jani la mugomba. Uliniuliza, mimi mupiga radio wa hospitali ndogo, kama ingetufaa. Ningejibu ndiyo tu, lakini kulitokea jambo mwezi wa sita, afadhali nikueleze.

Unajua vita: batu ba Minembwe, kule milimani, habashuki huku, na sisi hatupandi kule. Lakini siku moja kipoyi, kitanda cha kubebea mugonjwa, kilishuka na mama mumoja, Nyiramahoro. Kipande cha bombu kilimuingia nyuma ya goti akiwa shambani. Bwana yake, Semutobo, alimubeba pamoja na majirani siku mbili, wakasimama pale njia inapoingia kwetu, wakaogopa kuingia, wakarudi juu. Bamama ba kanisa letu ndio balimupokea, bakamufikisha hospitali.

Goti lilikuwa limevimba na kukunjika, halinyooki hata kidogo. Docteur Déogratias aliona homa, akaona usaha, akasema mguu ukatwe kesho yake. Nyiramahoro alimusikiliza hadi mwisho, kisha akasema polepole: "Munipige picha kwanza. Kama mutakata, mukate kwa kuona, si kwa kukisia."

Nilikuwa na filamu tatu tu. Ya kwanza niliiweka ndani ya kaseti, lile sanduku bapa la chuma. Lakini chuma hakiingii nyuma ya goti lililokunjika. Nikaiweka kando; picha ikatoka kivuli kitupu. Ya pili vilevile. Niliketi nikiona haya, mama yule ananitazama.

Hapo nikakumbuka barua yako. Kama karatasi ya dada inakunjika, hata filamu si bati. Niliingia chumba cheusi, nikaitoa ile ya tatu, nikaizungushia karatasi nyeusi mara mbili, nikaifunga kwa bande nyuma ya goti, imelikumbatia. Nje ya kaseti filamu inataka miale mingi zaidi, kwa hiyo nilimuomba asitikisike hata kidogo. Solange, infirmière, muuguzi wetu, aliukaza mguu kwa mifuko ya muchanga, tukatoka. Mama yule hakutikisika.

Ndani ya dawa ya kutokeza picha filamu ilibaki tupu muda murefu, nikaanza kuomba. Halafu mufupa ukaonekana, muzima, na kando yake kachuma kadogo kama punje ya mahindi. Docteur aliishika kwenye mwangaza wa dirisha, akaniambia: "Henri, muambie huyu mama mguu wake unabaki." Kesho yake, badala ya kukata, alitoa kale kachuma na usaha.

Siku Nyiramahoro alipoinuka na fimbo, Semutobo mwenyewe alishuka kumuona, wa kwanza toka juu kuingia kwetu kwa miguu yake tangu vita ianze. Mama yangu, ambaye nyumba yake ilichomwa na hakutaka hata kusikia habari za batu ba juu, alimutazama Semutobo amekaa peke yake uani kwetu, nilikomukaribisha. Akaingia ndani, akatoka na ugali na samaki, akaviweka mbele yake. Semutobo alikula yote.

Dada, uliandika kwamba karatasi yenu inapasuka ikikunjwa mara mia, na mwalimu wako anataka kuiacha. Muambie goti la Nyiramahoro liliomba karatasi ikunjike mara moja tu. Usiache.

Salimia bwana yako Eugène na watoto. Mama anakusalimia sana, Solange pia, na mjomba Casimir anauliza kama bado unajua kusonga ugali. Mungu aiongoze mikono yako, na akurudishe siku moja uione Baraka imetulia.

Ndani ya bahasha nimeweka ile filamu, uwaonyeshe wenzako. Niliomba ruhusa kwa mwenyewe, Nyiramahoro. Alicheka, akasema: "Mutumie, lakini umuambie asiipoteze. Ni goti yangu."

Ni mimi ndugu yako, nakupenda hata mbali hivi,
Henri