Jina la Kumi na Saba

Mkunya, Newala
3 Juni 2024

Mtani wangu Baba Shakila,

Salaam nyingi kutoka huku juu. Hujambo, na Mama Shakila hajambo? Sisi tunashukuru, ila mguu wangu. Kidonda cha kile chuma cha vita vya Kagera kimeanza tena kutoa maji, na mwanangu Severina akinifunga kitambaa anageuza uso pembeni. Ningekupigia, lakini unajua sikio langu la bomu halisikii simu, ndiyo maana namtuma Optatus wa bodaboda.

Nauliza jambo moja. Mwezi wa tatu tulitia dole gumba wazee wa vita thelathini na mmoja, wa kwenu na wa kwetu, tukiomba daktari atufuate huku kila mwezi badala ya sisi kubebwa hadi hospitali ya Mkomaindo. Wewe mwenyekiti wetu wazee ndiye uliyepeleka barua ofisi ya afya. Mbona kimya? Nasikia umeonekana Masasi ndani ya gari la ofisi, tena umekaa mbele. Sisemi kitu. Nauliza tu. Nitumie nakala ya orodha.

Mtani wako,
Baba Severina (Ambrosi)

Chiungutwa, Masasi
9 Juni 2024

Mtani wangu mwenye mguu mbaya na roho mbaya zaidi,

Salaam zimefika. Nyumbani wazima, tumechafuka kwa salfa tu, maana mikorosho haingoji mtu. Pole sana kwa mguu.

Lile gari lilikuwa la bwana shamba. Aliniokota njiani baada ya baiskeli yangu kupasuka tairi. Ulitaka nikae juu ya boneti? Habari zenyewe ni njema: ofisini wamekubali, daktari ataanza kuja mwezi wa saba. Orodha hii hapa. Asiyekuwemo hatatibiwa, kwa hiyo isome vizuri.

Mtani wako,
Baba Shakila (Hamudi)

Mkunya
16 Juni 2024

Baba Shakila,

Natumaini mu wazima huko. Mimi mzima wa hasira. Bahasha imefika ikiwa wazi pembeni, Optatus anasema ni jasho lake. Haya, jasho.

Orodha nimeisoma vizuri, kama ulivyoagiza. Namba kumi na saba: Dadi Mponda. Hamudi, Dadi Mponda tulimzika karibu na Mto Kagera, wewe umeshika miguu, mimi nimeshika kichwa. Leo ametia dole gumba Chiungutwa? Sasa nimelielewa lile gari. Mnaweka majina hewa ili mwonekane wengi na daktari aishie kwenu, sisi wa Newala tubaki tunachungulia barabara.

Sikutaka kukuuliza halafu unidanganye. Nimeandika ofisini moja kwa moja. Severina alinisihi nikusubiri, nikakataa.

Baba Severina

Chiungutwa
2 Julai 2024

Mtani, maana mimi bado nakuita hivyo,

Mguu unaendeleaje? Barua yako wameisoma. Wamesimamisha kila kitu mpaka kila mzee ahakikiwe, nyumba kwa nyumba. Daktari haji mwezi huu, na wa ujao hawajui.

Ungeniuliza, ningekwambia. Dadi tuliyemzika alikuwa na mpwa wake, Abdulrazaki, naye alipigana Kagera, kikosi kingine. Kwetu Wayao jina la mjomba haliachwi kaburini. Vita vilipoisha ukoo ulikaa, akarithishwa jina, na tangu siku hiyo hakuna anayemwita Abdulrazaki, hata mkewe. Hukumjua kwa kuwa alikuwa akilima Tunduru, amerudi mwaka juzi. Tulipomuuliza jina alitaja lake. Cheti chake cha jeshi kina lile la zamani, na kosa letu ni hilo, hakuna aliyefikiria kuandika yote mawili. Umekula kwangu miaka yote hiyo, mtani, na hujui jambo hili?

Kifua chake ni kibaya. Kwenye pikipiki hawezi hata kukaa. Alikuwa akihesabu siku za daktari.

Baba Shakila

Mkunya
8 Julai 2024

Mtani,

Salaam kwa wote. Nimekusoma mara tatu. Huenda ni kweli. Huenda pia umepata wiki mbili za kutunga. Nitumie nakala ya cheti chake, na barua ya mwenyekiti wa kijiji. Nikiridhika nitaandika ofisini kufuta maneno yangu.

Mguu umevimba hadi gotini. Mwambie huyo Dadi wako avumilie, mbona mimi navumilia.

Baba Severina

Chiungutwa
21 Agosti 2024

Baba Severina,

Hatujambo kidogo. Nakala ulizotaka zimo humu. Zimechelewa kwa sababu mwenye cheti alikuwa kitandani, na mimi nilikuwa namkalisha apate pumzi.

Jumapili kifua kilimbana. Tulimpakia kwenye pikapu ya jirani, tukamwegemeza kwenye magunia. Hakufika Mkomaindo. Tumemzika juzi. Uliwaandikia kwamba Dadi Mponda ni marehemu. Sasa hakuna atakayekubishia.

Uhakiki wamemaliza jana. Daktari anaanza tarehe 18 Septemba, na anaanzia Mkunya. Hilo niliomba mimi tangu mwezi wa tatu, kwa ajili ya mguu wako.

Hamudi

Mkunya
19 Septemba 2024

Mtani wangu Baba Shakila,

Sijui nikuulize hali kwa mdomo gani. Pole wewe, pole Mama Shakila, na unipelekee pole kwa mjane, kama atakubali kuipokea kutoka kwangu. Nimekukosea, na yeye nimemkosea zaidi.

Ukoo utakapokaa kulirithisha jina, naomba nije. Nitakaa mwisho wa mkeka, sitaomba kusema. Nataka tu nimwone usoni atakayelichukua, nisije nikamkana na yeye.

Daktari alikuja jana. Tulikaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi. Mguu hautakatwa, amesema, ila usafishwe kila siku. Nilifurahi, halafu nikaona aibu.

Muuguzi alisoma orodha nzima, ya kwenu na ya kwetu. Alipofika namba kumi na saba akasita. Pembeni ya jina kuna alama ya kuuliza kwa wino mwekundu, na alama ile ni yangu, hata kama kalamu ilikuwa yao. Mimi ndiye niliyekuwa karibu, akanionyesha karatasi, akapaza sauti kwa ajili ya sikio langu: "Shikamoo baba. Huyu Dadi Mponda yupo au hayupo?"

Benchi zima likanigeukia. Nikamwambia, "Alikuwepo."

Mtani wako, ukiniruhusu,
Baba Severina