Mkataba wa Treece Uwashie Jiko

Ukumbi wa Barafu,
Mtaa wa Secord,
Port Harlan, Ontario,
Kanada.
10 Februari 1975

Mpendwa mwanangu Raimo,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, kaka mkubwa wa marehemu baba yako. U hali gani wewe, na mkeo Sirkka, na yule mtoto wenu ambaye namjua kwa jina tu? Shemeji yangu Lempi, mgongo bado unamsumbua, au amekubali hatimaye kubebewa kuni? Mimi ni mzima. Magoti yanalia kama mlango wa ghala na meno yamebaki saba yasiyoelewana, lakini kahawa inapita na usingizi naupata, kwa hiyo kwa Mungu sina cha kulalamika. Kwa binadamu ninacho, na leo nitakitoa chote.

Kwanza ujue barua hii naiandikia wapi. Niko ofisini kwa Bwana Treece, mwenye timu ya magongo ya barafuni, juu ya meza yake, kwa kalamu yake, kwenye karatasi zake zenye nembo. Mwenyewe amekaa mbele yangu anakula andazi la sukari na kunitabasamia. Ameniita nikuandikie kwa Kifini, maana yeye Kifini hajui hata neno la kuomba maji. Yeye anasema, mimi naandika. Au ndivyo anavyodhani.

"Mwambie hapa atajisikia yuko nyumbani," amesema sasa hivi.

Nimetikisa kichwa kwa adabu zote na nimekuandikia hivi: Raimo, mtu huyu ni mwongo, na sukari imemfika mpaka puani.

Barua yako niliipata Jumanne. Umeandika kwamba mkataba wa kuichezea timu hii umekufikia, kwamba mwisho wa mwezi utatia saini, kwamba msimamizi wa kiwanda cha karatasi umeshamwambia unaondoka, na Sirkka anatafuta mtu wa kununua kabati la bibi yake. Nilipofika kwenye kabati nilikaa chini. Tangu siku hiyo nina hasira ambayo hata mvuke wa sauna haukuitoa. Nilikaa humo mpaka nikawa mwekundu kama kamba aliyechemshwa, nikatoka na hasira yangu vilevile, safi, imeoga.

Na nusu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe. Nani aliyekujaza kichwa? Ni mimi. Miaka mitatu nakukatia magazeti na kukutumia, nakusifia ligi mpya kama mlevi anayesifia baa. Nilikuwa na sababu. Ile ligi kubwa ya zamani ilikuwa inamshika mchezaji kama mtu anavyoshika ng'ombe wake: ukishaandikwa timu moja, ni hiyohiyo mpaka magoti yakatike, na vijana wa kwetu Ufini hata hawakutazamwa. Halafu wakaja hawa wapya wakasema, njooni, kila mtu achague anapotaka, hata mgeni tunamtaka. Niliamini. Nilipiga meza. Mzee mzima wa darasa la nne nikaamini maneno ya watu wenye tai.

Sasa nikupe habari za timu yenyewe, ambazo kwenye magazeti sikuzikata.

Msimu wa kwanza timu hii haikuwa hapa. Ilikuwa kusini kabisa, Marekani, mji ambao watu wake barafu wanaijua ndani ya glasi. Iliitwa Radi. Watu walikuja kuitazama mara moja, wakaridhika. Msimu wa pili ikahamishiwa mji mwingine, ikaitwa Manahodha, mahali ambapo hata kidimbwi cha bata hakuna. Walicheza huko mpaka Januari, halafu asubuhi moja wachezaji walifika mazoezini na magongo yao begani wakakuta ukumbi umejaa maonyesho ya ng'ombe. Msimu huu wa tatu tumeletewa sisi, na inaitwa Dubu wa Ziwa. Jezi ni zilezile. Ukikwangua nembo ya dubu kwa ukucha unamkuta nahodha, ukimkwangua nahodha unaikuta radi. Kipa wetu anasema akivaa yake anahisi anabeba watu watatu.

Wenzetu nao si afadhali. Ligi ina timu kumi na nne ukiingia chooni, ukitoka hujui zimebaki ngapi. Na wiki iliyopita, nikiwa nafagia korido, nilimsikia Treece huyuhuyu akiuliza kwenye simu kama kuna ukumbi mmoja huko Marekani utakuwa wazi Novemba ijayo. Kwa hiyo hata hiyo Port Harlan unayouzia kabati, hutaikuta timu ndani yake.

"Umeshamwambia kuhusu nyumba?" ameniuliza.

"Ndiyo kwanza naifikia, bosi."

Hakuna nyumba, Raimo.

Hapa tunaye kijana wa kwetu, Pentti Saarelma, winga kama wewe. Alikuja Septemba na mkewe Irja, ambaye sasa ni mjamzito. Nao waliahidiwa nyumba. Wanakaa kwangu, chumba cha nyuma. Ni mtu mpole, anayeteleza juu ya barafu kama vile hakuvaa vyuma miguuni bali amezaliwa navyo. Nataka nikueleze kilichompata, kwa sababu mkono uliofanya ni huu unaokuandikia.

Bwana Treece kabla ya timu alikuwa anauza mazulia, na bado anauza. Mwezi wa Novemba aliniagiza nichore zulia katikati ya uwanja, chini ya barafu, jeusi, kubwa, na jina la duka lake. Nilimwambia haiwezekani. Barafu inatandikwa tabaka juu ya tabaka, jembamba kama karatasi ya sigara, na chini yake tunapaka nyeupe siyo kwa urembo. Rangi nyeusi inakunywa joto la taa. Barafu ya juu yake inalegea inakuwa uji, na kwa macho huioni. Nilimwambia mara tatu.

"Mzee, wewe paka," alisema. "Kufikiri niachie mimi."

Nikapaka. Miaka ishirini na mbili natandika barafu, sijawahi kumtegea mchezaji mtego, na siku ile nilipiga magoti nikapaka, kwa sababu nilikuwa naogopa kuambiwa nimezeeka. Mechi iliyofuata, kipindi cha pili, Pentti alikuja kasi na kile kisahani cha kuchezea kwenye gongo, akaingia juu ya zulia, chuma kikazama. Yule beki wa wapinzani hakuhitaji hata kusogea. Pentti alimfuata mwenyewe, uso mbele. Mfupa wa shavu ulivunjika, na sauti yake niliisikia kutoka kwenye chumba cha mashine.

Kesho yake gazeti lilimnukuu Treece akisema mtunza barafu ni mzee na alisahau kupima baridi. Wakaweka na picha yangu mdomo wazi. Sikufungua mdomo ule kusema kitu. Na huo ndio ubaya wangu.

Siku ya kumi na moja Pentti alirudishwa uwanjani, uso wa bluu, kavaa wavu wa waya usoni. Jicho la kushoto halioni vizuri mpaka leo, na wapinzani wameshalijua. Wanamjia upande huohuo. "Wee Mfini! Umekuja kucheza au kufuga nyuki?" Na wetu wanacheka. Nami juu ya mashine yangu ya kulainishia barafu nawaombea wote ugonjwa wa tumbo.

Sasa sikia kinachonichoma kuliko vyote. Nafasi unayopewa wewe ni ya Pentti. Siku ukitia saini, siku hiyohiyo anatolewa, na mkewe ana mimba ya miezi saba. Treece ameniambia asubuhi hii, kama mtu anayeeleza kwamba atabadilisha taulo. Pentti hajui. Sijui nitamwambiaje mtu ninayekunywa naye kahawa kila siku, na Irja pembeni anafuma soksi ndogo kama vidole vyangu.

Kwa hiyo nakuambia kama baba, maana aliyekuzaa hayupo kukuambia: huo mkataba uwashie jiko. Nenda kwa msimamizi wako, shika kofia mkononi, mwambie ulikuwa na homa ukaropoka. Sirkka asiuze kitu. Na ukitaka kunikasirikia, nikasirikie, nimestahili.

Ngoja kidogo. Treece ameacha kula.

"Mzee, mbona refu hivyo?"

"Kifini ni lugha ndefu, bosi."

"Na jina langu naliona mara tano, mara sita."

"Na sifa zako ni nyingi."

Hakucheka. Ameshika simu. Anasema wamwite Pentti aje amsomee. Raimo, ameweka kiganja juu ya kurasa zangu na kalamu anai

Mwanangu, naendelea. Niko chumba cha mashine, nimekaa juu ya ndoo, natumia penseli. Yameshapita, na nakuandikia yalivyokuwa.

Pentti alikuja akitoka mazoezini, jasho linamtiririka, wavu wa waya kaushika mkononi. Treece akamsukumia kurasa tatu. "Nisomee hii. Nataka kujua kila kilichomo."

Akaanza kusoma kimya. Mimi nilikuwa natazama uso wake kama mshtakiwa anayetazama uso wa hakimu. Alipofika kwenye ile rangi aliinua kichwa akaniangalia kwa jicho moja zima na jingine jekundu, halafu akarudi kwenye karatasi. Alipofika mahali pake mwenyewe nilijua, kwa sababu aliacha kutafuna ubani.

Ningependa niseme nilitamani ardhi inimeze, lakini sikutamani chochote. Nilisubiri tu.

"Haya," Treece akasema, "anasemaje?"

Pentti akakohoa kidogo. "Anasema tangu azaliwe hajaona mtu kama wewe, bosi."

"Na hapa?"

"Hapa anaeleza ulivyowatendea wachezaji."

"Na huku mwisho?"

"Anamwambia aende kwa msimamizi wake haraka, asichelewe. Amemwandikia kama baba."

Treece akang'aa kama sahani. Akanipiga mgongoni, akachukua kalamu, akasema kijana lazima aone kwamba jambo hili ni rasmi, kisha akatia saini yake. Utaiona mwenyewe mwisho wa ukurasa wa tatu, ndefu kama mkia wa ng'ombe, karibu kabisa na pale nilipokuambia uwashie jiko.

"Na mimi nimsalimie," Pentti akasema. Akainama juu ya meza, akaandika mistari yake nyuma ya karatasi.

Tulitoka pamoja mpaka korido, kurasa zote mkononi mwangu. Nilishindwa kumtazama. "Pentti," nikamwambia, "ile rangi..."

"Rangi nilijua, mzee. Niliangukia juu yake. Sikujua kwamba ulimkatalia mara tatu."

"Nilipaswa kukataa na ya nne."

"Ndiyo," akasema. "Ulipaswa kukataa na ya nne."

Hakuniambia si kitu. Namshukuru kwa hilo, maana ilikuwa ni kitu. Aliuliza la nafasi yake nimelijua lini, nikamwambia asubuhi hii, akaamini. Halafu akasema yeye mwenyewe ndiye atakayemwambia Irja, mimi nisitangulie kufika nyumbani. Akavaa wavu wake akarudi uwanjani, kwa kuwa mazoezi hayajaisha. Hapa nilipo nawasikia wanavyompigia kelele.

Baada ya hapo nikaenda kutafuta shoka na ndoo za maji ya moto. Wakimaliza mazoezi naibandua barafu yote ya katikati, zulia na jina la duka, mpaka kwenye saruji. Kesho watacheza juu ya nyeupe. Treece akitaka kunifukuza, anifukuze mbele ya watu, nami safari hii mdomo wangu utakuwa wazi kwa sababu.

Barua hii sitaiacha ofisini kwake. Nitaipeleka posta mwenyewe. Geuza ukurasa wa tatu usome alichoandika Pentti, ila nakunakilia na hapa isije karatasi ikalowa:

"Raimo, hunijui. Kazi yako kiwandani usiiache. Lakini kama ipo nyingine, hata ya kubeba magogo, wape jina langu. Pentti Saarelma, miaka ishirini na sita, nina nguvu, naona vizuri."

Hilo la mwisho si kweli. Usiwaambie.

Nisalimie Sirkka na mtoto. Nisalimie Lempi, umwambie nimesema apumzike. Msalimie na jirani Aarne kama bado yuko hai, na kama hayuko wasalimie wanaomlilia. Mungu awape joto ndani na mkate mezani, na akupe wewe akili ambayo mimi nimeipata nikiwa na miaka sitini na tisa. Ukijibu, mjibu Pentti kwanza.

Ni mimi nikupendaye kwa moyo wote,
baba yako mkubwa,
Oiva Kankaanranta