Barua Katika Koti la Mwalimu Owuor

Rodi Kopany, Jumanne, Januari 1966

Kumbe nilipita. Miaka miwili nimeamini kwamba nilianguka mtihani, kwa sababu Mwalimu Owuor mwenyewe ndiye aliyeniambia, huku machozi yakimlengalenga.

Leo mjane wake amenifuata sokoni na barua ya kuniita sekondari. Ameikuta katika koti la marehemu.

“Nisamehe, nyathina, mwanangu,” amesema. “Mimi sikujua.”

Nimemuuliza kwa nini mumewe aliificha.

“Alikupenda kama mtoto wake. Nafikiri aliogopa ukienda hutarudi.”

Huenda. Ni yeye aliyenipa darasa la kwanza nimsaidie kufundisha, akisema wale watoto wananihitaji. Au alinionea wivu, yeye ambaye hakupata kusoma zaidi ya shule ya msingi? Wa kumuuliza tulimzika mwezi uliopita, na nililia hadi sauti ikakauka.

Kama mtoto wake. Lakini Akinyi, binti yake wa kumzaa, niliyekuwa nikimfundisha hesabu jioni, alimpeleka sekondari mwaka uleule. Mimi ndiye niliyembebea sanduku mpaka barabarani.