Kiwiko cha Mama Mkwe

Jumanne, 4 Machi 1986

Asubuhi magoti, mchana mabega. Yule mpakizi wa bandarini bado analia nikimkunja goti, halafu anaomba msamaha kwa kulia. Bendeji zimekwisha tena. Tunafua za zamani na kuzianika nyuma ya maternite, wodi ya wazazi. Wagonjwa wamenipa jina: Papa Vuta, yaani Baba Vuta. Sawa. Hospitali nzima ni mimi peke yangu niliyesomea kunyoosha viungo, acha wacheke.

Nyumbani nimekuta vigelegele. Kidonda cha mama mkwe kimefunga. Mke wangu Mumba ameondoa bendeji ya mwisho, majirani wamekuja kutazama na kumshukuru Mungu. Mimi nimesikiliza nikiwa upande wangu wa pazia. Sikufurahi. Kidonda cha moto kikifunga ndipo kazi yangu inapoanza.

Jumatano, 5 Machi

Niandike ili nipoe.

Mama mkwe alishuka kutoka Kirungu kumtunza Mumba alipojifungua binti yetu Chola. Alikuwa akimkanda kwa maji ya moto, kama mama wote wanavyofanya. Sufuria ikamponyoka. Maji yalimwagikia mkono wake wa kuume, toka juu ya kiwiko hadi karibu na kiganja. Wauguzi wenzangu walimfunga vizuri. Lakini tangu siku ile ameuweka mkono umekunjwa kifuani, kwa sababu ukikaa hivyo hauumi.

Na mimi siwezi kumgusa. Kwao, mkwe na mama mkwe hata kutazamana usoni ni aibu. Akipita uani, natazama ukuta. Akiingia ndani, kuna pazia la kitenge kati yetu. Aibu hiyo inaondoka siku wakwe wanapompikia mkwe na kumwita ale mbele yao. Siku hiyo inamsubiri mjomba wa Mumba ashuke kutoka mlimani. Mjomba hana haraka. Kovu lina haraka.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimefundisha mazoezi nikiwa nyuma ya kitambaa. Mumba ndiye mikono yangu. Nimemweleza kama nilivyoelezwa chuoni Lubumbashi, bila madaha.

Ndani ya kovu jipya kuna seli zinazofuma nyuzi. Zinazishika nyuzi hizo na kuzivuta, usiku na mchana. Zinataka kuziba tu, hazijui kwamba pale ni kiwiko. Mkono ukikaa umekunjwa, zinafuma ufupi uleule na kuukaza. Mkono ukinyooshwa polepole, kwa muda mrefu, nyuzi nazo zinazivuta seli, na seli zinasikia. Zinabomoa kazi ya zamani, zinafuma upya kwa urefu unaotakiwa. Lakini kovu likishakomaa ni kazi ya kisu.

Tumepatana hivi: mama akae kwenye kiti, Mumba amvute mpaka kiganja kifike ukingo wa meza. Kikifika, vizuri.

Jumapili, 9 Machi

Nauliza, "Kimefika?" Mumba anajibu, "Kimefika." Kila jioni kimefika. Nimejisifu moyoni. Mama mmoja jirani anasema kidonda kilichopona hakichokozwi. Nimemwambia arudi jikoni kwake. Mumba amenikaripia, na alikuwa na haki.

Jumatano, 19 Machi

Umeme unaotoka bwawa la Bendera umekatika, tumefunga kazi mapema. Nimeingia uani bila kubisha hodi. Mama mkwe alikuwa anaanika nguo za mtoto kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umebana kifuani, kama bawa la kuku. Nilipaswa kutazama ukuta. Nilitazama mkono.

Kiwiko hakijanyooka hata kidogo.

Nimemhoji Mumba. Hakunidanganya. Kiganja kilifika mezani kila jioni, ila mama alikuwa anainama, bega linashuka, mwili mzima unakwenda mezani pamoja na mkono. Mumba alimwonea huruma, akaacha. Mimi niliuliza habari za kiganja. Sikuuliza habari za kiwiko. Mgonjwa ambaye humwoni atakupa unachoomba, si unachotaka. Wiki mbili zimepotea. Nimejikasirikia sana.

Ijumaa, 21 Machi

Nimemuuliza daktari. Anasema kovu likikaza hivyo litakatwa, mama abandikwe ngozi ya paja, na si hapa, ni Lubumbashi. Mumba amempelekea mama yake habari. Amekataa. Ni mjane, ana shamba la maharagwe mlimani, na hakuna wa kulilima ila yeye. Jembe ni la mikono miwili.

Leo naichukia desturi. Namchukia mjomba. Mimi mwenyewe sijipendi pia. Nalipwa kunyoosha magoti ya watu nisiowajua, na mgonjwa wangu amelala upande wa pili wa kitenge.

Jumamosi, 22 Machi

Asubuhi Salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, tumefyeka majani barabarani. Mikono imenitoka malengelenge. Nimerudi nimenuna.

Jioni, mama mkwe amezungumza nami kwa mara ya kwanza. Yaani, amezungumza na mtoto. Alimpakata upande wake wa pazia, akapaza sauti ili nisikie:

"Chola, ambia baba yako: miye nalimaka na mukono. Haya ya mukwe haiwezi kunilimia."

Kisha, akimbembeleza mtoto:

"Muambie kesho akuje kula."

Nikamwambia Chola kwamba nimesikia.

Jumapili ya Matawi, 23 Machi

Tumetoka misa na matawi yetu. Mumba amechinja kuku. Mama mkwe amemwita mzee wa Kirungu anayeuza maharagwe sokoni, asimame mahali pa mjomba. Mzee amesimama vizuri na amekula kuliko mimi.

Pazia limefunguliwa. Mama mkwe mwenyewe ameniwekea sahani mbele. Kwa mkono wa kushoto. Aliomba radhi kwa hilo, na machozi yakanijia, nikasingizia pilipili. Halafu niliinua macho. Ni mwanamke mfupi! Tangu nioe nimemwogopa mtu mrefu. Mjomba akilalamika, namngoja.

Jumatatu, 24 Machi

Nimemgusa mama mkwe.

Nimepaka mafuta ya mawese, nimeshika bega lisishuke, nimevuta. Kovu ni gumu, kama kamba moja toka juu ya kiwiko hadi chini yake. Likageuka jeupe. Aliuma kitambaa. Pembeni ngozi ikapasuka kidogo, damu ikatoka, nikaachia.

Akatoa kitambaa mdomoni.

"Vuta, baba. Usinisikilie huruma kama Mumba."

Nikavuta.

Jumanne, 8 Aprili

Kiwiko kinanyooka, lakini kwa uchoyo. Asubuhi nakipata, jioni kimerudi. Nimemtengenezea kibao kwa mbao za kasha la sabuni na pamba, afungwe nacho akiwa amelala. Anakifungua. Anasema kinamfanya alale kama maiti.

Leo nimemfokea. Nani aliwahi kusikia mtu akimfokea mama mkwe? Naye amenijibu, na kwa maneno yaliyokomaa. Mumba ametuangalia wote wawili, akasema afadhali pazia lirudi. Tumecheka. Halafu mama akaniambia taratibu kwamba haogopi maumivu, anaogopa kurudi Kirungu kuwa mtu wa kulishwa. Nimemwomba msamaha, ameukubali, kibao amekikataa.

Jumapili, 27 Aprili

Mjomba ametuma salamu kwa boti inayotoka Moba, chini ya mlima wao. Habari za kuku zimemfikia. Hakukasirika. Anauliza tu dada yake atarudi lini, maharagwe hayawezi kujivuna yenyewe.

Tumesimama palepale. Namvuta asubuhi na jioni, anavumilia, mwili wake unanipinga bila yeye kutaka. Nikikaribia tu, nyama inajikaza. Anaomba rozari nikivuta. Nami naiomba, kimyakimya. Naogopa nimechelewa.

Jumapili, 18 Mei

Mchana. Joto. Nimerudi kutoka kumtazama yule mpakizi. Sasa anakunja goti na kujisifu. Nikajiandaa kwa mazoezi ya mama, mafuta mkononi.

Amelala barazani kwenye mkeka, na Chola amelala naye. Mtoto ameuegemea mkono wa kuume, kichwa juu ya kovu lenyewe, mwili wote kwenye mkono, chini ya kiwiko. Na mkono umelala sakafuni. Umenyooka. Bega liko mahali pake, nimelitazama mara mbili. Kiwiko kimekaa juu ya mkeka kama cha mtu yeyote.

Mumba ametoka jikoni, nikamwonyesha kwa kidole. Akashangaa kwamba nashangaa. Hivyo njo wanalalaka, akaninong'oneza, kila mchana tangu Pasaka, ukiwa kazini. Chola hakubali kulala pengine.

Nimechuchumaa nikatazama kovu. Limelegea, limeshuka, rangi yake inaanza kufanana na ya mkono. Saa nzima kila mchana, uzito mdogo, bila kupigana na mtu. Seli zimesikia.

Leo hakuna mazoezi. Mafuta nimeyafuta kwenye suruali, Mumba atanisema. Nimeketi karibu yao, nawafukuzia nzi.